Maji salama hadi robine ya mwisho: mwongozo kamili kwa komite ndogo za maji Bukavu

Komite nyingi za maji hapa Bukavu zina karatasi moja wanayoitunza sana: matokeo ya maabara ya siku mradi ulipozinduliwa. Imewekwa ndani ya plastiki, ina muhuri, na kila mgeni akifika huonyeshwa. Karatasi ile ilisema kweli ya siku ile, ya chupa ile, ya robine ile. Haisemi lolote juu ya maji ambayo mama wa avenyu ya chini kabisa amechota leo alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya robine yake. Komite inayopima klorini kila siku kwenye robine ya mwisho na kuandika kwenye daftari iko karibu na sheria, na karibu na afya ya watu wake, kuliko komite yenye cheti kizuri na daftari tupu. Hayo mengine yote nitakayoeleza, ulinzi wa chemchemi, hesabu za dawa, maabara, karatasi za ofisi, yanafuata hapo.

Ninawaandikia hasa wenye mitandao midogo ya milimani, Kadutu, Bagira, Panzi na kwingineko: chemchemi moja au mbili, sanduku la kukusanyia maji, bomba linaloteremka lenyewe bila mashine, tangi, kisha fonteni kadhaa za umma. Wanaovuta maji ya ziwa wana sehemu yao hapa chini, na nawaomba wasiiruke.

Tembeeni mtandao mzima kwa miguu

Kabla ya kununua kitu chochote, chukueni nusu siku. Aende rais wa komite, fontenia (mtunza fonteni), mama mmoja anayechota kila siku, na mtu anayejua bomba lilichimbiwa wapi. Anzeni kwenye chemchemi, mteremke hadi robine ya mwisho. Choreni ramani kwa mkono: chemchemi, sanduku, kila valvu, tangi, kila fonteni, na kila mahali ambapo bomba liko wazi juu ya ardhi.

Njiani mtazame haya. Je, kuna choo juu ya chemchemi? Umbali wa chini unaokubalika kwa kawaida ni meta 30, na choo kiwe upande wa chini, lakini kwenye miteremko yetu yenye nyumba zilizobanana meta 30 hazitoshi kila mara. Udongo ukiwa na mipasuko maji machafu husafiri mbali. Je, sanduku lina mfuniko unaofungwa kwa kufuli? Bomba la maji ya ziada lina wavu wa kuzuia vyura na panya? Bomba linavuka mitaro ya maji machafu mara ngapi? Pale panapovuja pamefungwa kwa nini?

Swali hilo la mwisho litawachukua muda. Bukavu mmomonyoko wa udongo hufunua mabomba kila msimu wa mvua. Utakuta bomba la plastiki limening'inia juu ya mtaro, limekatwa na jiwe, limefungwa kwa mpira wa baiskeli uliozungushwa mara kumi. Maji yakiwa na nguvu, mpira ule hudondosha nje. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na huvuta ndani kile kilicho pembeni yake, yaani maji ya mtaro. Ndiyo maana mtandao unaofunguliwa saa chache kwa siku una hatari kubwa kuliko unaotoa maji wakati wote, hata chemchemi yake ikiwa safi kabisa.

Pimeni pia wingi wa maji. Wekeni bidoni la lita 20 chini ya bomba linaloingia kwenye tangi na mhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 40, mnapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa lita 20 kwa kila mtu, hayo yanatosha watu 2,160. Rudieni kipimo mwishoni mwa Agosti, kiangazi kinapokaribia kuisha, maana hicho ndicho kipimo cha kweli. Wingi wa maji ya Novemba unadanganya. Namba hii itarudi kwenye hesabu ya klorini, kwa hiyo iandikeni.

Karatasi zenye maana mbele ya ofisi

Katiba ya nchi yetu, Kongo (RDC), ya 2006, kifungu cha 48, inataja haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo sheria ya maji: iliondoa upekee wa REGIDESO, shirika la maji la serikali, katika huduma ya maji, ikayapa majimbo na mamlaka za chini madaraka, ikafungua njia kwa watoa huduma wengine, na ikaweka kanuni ya maeneo ya ulinzi kuzunguka mahali maji yanapochukuliwa. Maana yake kwenu ni kwamba komite ya kartie inaweza kusimamia mtandao wake kihalali, lakini haiwezi tena kujificha nyuma ya maneno "sisi ni wanamtaa tu". Anayegawa maji kwa watu anawajibika kwa maji hayo.

Mjiandikishe. Njia inayotumika sana ni chama kisicho cha faida, chini ya sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: kanuni zilizoandikwa na kuthibitishwa na mthibitishaji wa serikali, orodha ya viongozi, kumbukumbu za mkutano mkuu. Inachosha na ina gharama. Hata hivyo, bila hiyo hamwezi kufungua akaunti kwa jina la komite, na pesa ya maji inalala nyumbani kwa mtu mmoja.

Karatasi ya pili ni ya ardhi. Parseli yenye chemchemi ina mwenyewe, na watoto wake watakua. Pateni makubaliano yaliyoandikwa, yanayotaja ukubwa wa eneo la ulinzi na njia ya bomba, yenye saini ya mwenye ardhi, ya komite na ya shefu wa kartie. Makubaliano ya mdomo hufa pamoja na mzee aliyeyatoa.

Ya tatu ni uhusiano na zoni ya afya. Ibanda, Kadutu na Bagira kila moja ina ofisi yake kuu ya zoni, na humo kuna mtu anayeshughulikia maji na usafi. Jitambulisheni kwake kabla ya tatizo lolote. Mpeni nakala ya ramani, muulizeni anataka ripoti ya namna gani, na anapeleka sampuli maabara ipi. Kipindupindu kikitokea, huyu ndiye atakayewapigia simu wa kwanza, na ni vizuri awe anajua robine ya mwisho iko wapi.

Kuhusu vipimo vyenyewe, tumieni viwango vya Shirika la Afya Duniani, OMS, ambalo mwaka 2024 lilitoa mwongozo mahsusi kwa mifumo midogo ya maji. Namba za kubandika ukutani ni chache: bakteria wa kinyesi aina ya E. coli, sifuri katika mililita 100. Klorini huru, yaani ile iliyobaki majini ikiwa bado na nguvu ya kuua vijidudu, angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30 za kugusana na maji, na isishuke chini ya 0.2 mahali watu wanapochota. Utope chini ya 5 NTU (kizio cha kupimia utope), na bora chini ya 1 kabla ya kutia klorini. Nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita. Floridi isizidi 1.5, arseniki isizidi 0.01.

Kulinda chemchemi

Hapa kazi ni ya jembe na salongo, yaani kazi ya pamoja ya wanamtaa. Uzio wa angalau meta 10 kuzunguka chemchemi, bila mbuzi, bila shamba la mihogo, bila kufua nguo ndani. Juu ya chemchemi, kama meta 8 hadi 10, chimbeni mfereji wa nusu mwezi wa kugeuza maji ya mvua yapite pembeni. Pandeni majani, msipande miti yenye mizizi inayotafuta maji karibu na sanduku. Mfuniko wa saruji uwe na midomo inayoshuka chini ili mvua isiingie, na tundu la hewa liwe na wavu.

Safisheni mfereji ule kabla ya Septemba. Ukijaa tope, mvua ya kwanza kubwa inapita moja kwa moja juu ya sanduku, na mtajua siku hiyo hiyo kwa rangi ya maji.

Klorini: hesabu bila kubahatisha

Unga unaouzwa zaidi ni HTH, hipokloriti ya kalsiamu, wenye klorini asilimia 65 hadi 70 ukiwa mpya. Ukifunguliwa unapungua nguvu wiki baada ya wiki, na unyevunyevu wetu unauharakisha. Uhifadhiwe kwenye chombo cha plastiki kilichofungwa, mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao na si sakafuni, mbali na petroli, mafuta, asidi na jenereta. Anayeupima avae glavu na kufunika pua na mdomo. Tia unga kwenye maji. Kamwe usimwage maji juu ya unga.

Tengenezeni kwanza maji ya klorini ya asilimia moja, ambayo mimi nayaita maji mama: gramu 15 za HTH katika lita moja ya maji. Nendeni kwa mwenye mizani ndogo, kama muuza dawa, mpime kijiko chenu kimoja kina gramu ngapi, mkikwaruze alama, na kijiko hicho kisitoke stoo. Koroga, acha chokaa itulie chini, kisha mimina maji masafi ya juu kwenye bidoni lisilopitisha mwanga. Chokaa ikibaki ndani itaziba mpira wa kudondoshea. Msitengeneze ya zaidi ya siku chache.

Sasa mtafute dozi yenu wenyewe, kwa maana kila maji yana njaa yake ya klorini. Chukueni ndoo tano za plastiki, kila moja na lita 20 za maji ya tangi ambayo hayajatiwa dawa. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tieni mililita 1 ya maji mama kwenye ndoo ya kwanza, 2 kwenye ya pili, hivyo hivyo hadi 5. Kila mililita moja katika lita 20 ni miligramu 0.5 kwa lita, kwa hiyo ndoo zenu zina 0.5, 1, 1.5, 2 na 2.5. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha pima klorini iliyobaki katika kila ndoo. Ile iliyobaki na 0.5 au zaidi kidogo ndiyo dozi ya kuanzia. Zoezi hili lirudiwe msimu unapobadilika, na kila mnapofungua pipa jipya la HTH.

Tuseme dozi iliyotoka ni miligramu 2 kwa lita. Kwa tangi la meta 10 za ujazo, yaani lita 10,000, mnahitaji gramu 20 za klorini: lita 2 za maji mama, au karibu gramu 30 za HTH. Kwa wale ambao maji yao yanaingia mfululizo, njia nzuri ni kudondosha. Mtiririko wa nusu lita kwa sekunde unahitaji mililita 6 za maji mama kila dakika. Kwa mpira mwembamba wa hospitali, hayo ni kama matone mawili kila sekunde. Simama na saa, hesabu matone, rekebisha kibano. Siku nzima itakula lita 8.6 hivi. Mpira uelee juu ya maji ya dawa, ukishikiliwa na kipande cha boya, ili udondoshaji usipungue ndoo inapokaribia kuisha.

Muda wa kugusana ni jambo ambalo komite nyingi hulisahau. Tangi la lita 10,000 likijaa, klorini ina saa kadhaa za kufanya kazi. Lakini asubuhi, robine zote zikiwa wazi na tangi limebaki na lita 1,000, maji yakitoka lita moja na nusu kwa sekunde yanapita ndani yake kwa dakika kumi na moja tu. Vijidudu vinatoka vikiwa hai, na kipimo kinaonyesha klorini iko vizuri. Wekeni alama ndani ya tangi, na fontenia akiona maji yameshuka chini ya alama hiyo afunge hadi yapande. Watu watalalamika. Aeleze kwa nini, na asifungue.

Wanaotumia maji ya ziwa

Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha asidi au magadi majini) ya karibu 9. Klorini ikiwa majini hugawanyika sehemu mbili, moja kali sana kwa vijidudu na nyingine dhaifu. Kwenye pH 7, karibu robo tatu iko katika umbo kali. Kwenye pH 9 ni asilimia tatu au nne tu. Kwa hiyo mtu wa Nguba au wa Goma anayetia dozi ile ile ya mtu wa chemchemi na kusubiri nusu saa anapata kipimo kizuri na maji yasiyo salama. Ongezeni muda kwanza, saa moja au zaidi, na mtafute dozi kwa ndoo zile tano mkisubiri muda huo huo mrefu. Pimeni pH pamoja na klorini kila mara. Vidonge vya fenoli nyekundu, vya kupimia pH, huuzwa katika kisanduku kimoja na vidonge vya kupimia klorini, lakini rangi yake inaishia karibu na 8.2, kwa hiyo maji ya ziwa yataonyesha rangi ya mwisho kabisa. Hiyo peke yake inatosha kuwaambia muongeze muda.

Mdomo wa bomba la kuvutia maji uwe mbali na ufuo na chini ya uso wa maji, mbali na mito inayoshusha takataka za mji. Na upande wa Goma na vijiji vya volkeno, pimeni floridi mapema kabla ya kujenga chochote. Miamba na moshi wa Nyiragongo huiongeza majini, hata katika maji ya mvua, na klorini haiondoi floridi. Meno ya watoto yenye madoa ya kahawia ni dalili ambayo kila mkaaji wa kule ameiona.

Robine ya mwisho na daftari

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kila siku, asubuhi wakati watu wanachota, na tena baada ya mvua kubwa, fontenia apime mahali patatu: kwenye tangi, katikati ya mtandao, na kwenye robine ya mbali kabisa. Akiwa na nafasi ya kipimo kimoja tu, kiwe cha robine ya mwisho.

Afungue robine, aache maji yatiririke dakika moja. Asuuze kijichupa mara tatu kwa maji hayo hayo, akijaze hadi mstari. Kidonge cha DPD namba 1, kile cha kupimia klorini huru, akibonyeze moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake hadi ndani ya maji, bila kukigusa kwa vidole. Afunge, atikise hadi kiyeyuke, asome rangi ndani ya dakika moja, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya jua kali. Waridi hafifu ni klorini kidogo, waridi iliyokolea ni nyingi. Rangi ikiruka ghafla kisha ikapotea, msiseme hakuna klorini. Mara nyingi imezidi sana hadi imeiunguza rangi. Changanyeni maji hayo na maji yasiyo na klorini, nusu kwa nusu, mpime tena na kuzidisha mara mbili.

Daftari liwe na mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, saa, tangi, katikati, mwisho, pH, utope, HTH iliyotumika, mvua ndiyo au hapana, tukio, jina. Peni, si penseli. Aliyekosea apige mstari mmoja na kuandika pembeni, asifute.

Faida ya daftari haiko kwenye namba moja moja; iko kwenye tofauti kati ya nguzo. Tuseme kwa wiki nyingi tangi linaonyesha 0.8, katikati 0.6, mwisho 0.4. Leo tangi ni 0.8, katikati 0.6, mwisho 0.1. Dozi haijabadilika. Kitu kimeingia ndani ya bomba kati ya katikati na mwisho na kimekula klorini. Jibu la haraka, ambalo nimeliona mara nyingi mno, ni kuongeza dawa kwenye tangi hadi robine ya mwisho irudi 0.4. Namba inarudi na shimo linabaki. Nusu ya kartie inakunywa maji yanayonuka dawa, na nusu ya pili inaendelea kunywa mtaro uliotiwa dawa.

Badala yake, shukeni fonteni kwa fonteni mkipima. Kwenye mtandao mmoja wa Kadutu niliwahi kuona namba ikianguka kati ya fonteni mbili zisizo mbali, 0.5 juu na 0.1 chini. Katikati palikuwa na nyumba mpya, na mwenye nyumba alikuwa amejiunganishia bomba usiku. Kiungio chake kilikuwa ndani ya tope la karo, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Kilipofungwa vizuri, namba ya chini ilipanda bila kuongeza gramu moja ya HTH. Kama kusingekuwa na daftari la wiki zilizopita, hakuna ambaye angejua kwamba 0.1 ile ilikuwa jambo jipya.

Maabara na vipimo vya bakteria

Klorini mnaipima wenyewe. Bakteria na kemikali zinahitaji msaada. Kila mwaka mara moja, na kabla ya kufungua chemchemi mpya, pateni kipimo cha kemikali: nitrati, floridi, chuma, arseniki. Nitrati inayopanda mwaka hadi mwaka inawaambia vyoo vya juu vinaifikia chemchemi yenu, hata kabla bakteria hawajaonekana.

Kwa bakteria, kila miezi mitatu ni ratiba ambayo komite ndogo inaimudu, na mmoja wa miezi hiyo uwe wa mvua nyingi. Chupa iwe imesafishwa na maabara yenyewe na iwe na thiosulfati ya sodiamu ndani, ile inayozima klorini. Bila hiyo, klorini itaendelea kuua bakteria njiani na matokeo yatapendeza bure. Ondoeni mpira au kitambaa kwenye robine, ifuteni, iunguzeni kwa moto kama ni ya chuma, acheni maji yatiririke, jazeni bila kugusa mdomo wa chupa. Iwekwe kwenye kisanduku chenye barafu na ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana, isizidi 24. Uliza kwanza maabara inapokea sampuli siku gani. Chupa iliyofika Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu ni pesa iliyotupwa.

Katika muda kati ya kipimo kimoja cha maabara na kingine, vichupa vya H2S (gesi ambayo baadhi ya bakteria wa kinyesi huitoa) ni rafiki wa komite maskini, hasa kwa kupima chemchemi kabla ya klorini. Jaza, acha mahali penye joto la kawaida, tazama baada ya saa 24 na 48. Yakigeuka meusi, kuna dalili ya uchafu wa kinyesi. Havitoi idadi, lakini vinawaambia pa kuanza kutafuta.

Mambo yakiharibika

Amueni leo, mkiwa watulivu, na mbandike ukutani nani afanye nini.

Maji yakiwa na tope baada ya mvua, msiongeze klorini kwa kubahatisha. Udongo huila na kuwaficha vijidudu ndani yake. Geuzeni maji yasiingie kwenye tangi, yamwagike kwa bomba la ziada hadi yang'ae. Kama hamna akiba na lazima mgawe, tangazeni wazi kwamba maji ya leo lazima yachemshwe hadi yabubujike kwa dakika moja, au yachujwe kwa kitambaa na kutiwa vidonge vya klorini vya miligramu 67, kimoja kwa lita 20 na viwili kama bado yana utope, kisha yasubiriwe nusu saa. Makala (makaa ya kupikia) ni ghali na si kila nyumba itachemsha. Kwa hiyo komite iwe na akiba ya vidonge.

Klorini kwenye robine ya mwisho ikiwa chini ya 0.2, pimeni tena papo hapo. Ikithibitika, fungeni tawi hilo, tafuteni chanzo, na mwite mtu wa zoni ya afya siku hiyo hiyo. Kukiwa na kipindupindu katika eneo, pandisheni lengo hadi kati ya 0.5 na 1 kwenye robine.

Bomba likikatwa na maporomoko, baada ya kulitengeneza lisafisheni kabla ya kufungulia watu: maji yatiririke hadi yawe safi, kisha yajazwe klorini kali na yaachwe. Tangi nalo, mara mbili kwa mwaka, lisuguliwe na kujazwa maji yenye miligramu 50 kwa lita, ambayo kwa lita 10,000 ni karibu gramu 750 za HTH, yaachwe saa 12 hadi 24 robine zote zikiwa zimefungwa, kisha yamwagwe mahali pasipo samaki wala mboga. Hakuna anayekunywa hadi kipimo kirudi kawaida.

Tangazo lipite kwa njia watu wanazozisikia: reko za afya (wahudumu wa kujitolea wa mtaani) na megafoni yao, shefu wa avenyu, makanisa, msikiti. Fontenia aandike kwenye ubao wa fonteni kwa chaki, kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Bidoni na pesa

Maji yanayotoka na 0.4 huharibika ndani ya bidoni chafu kabla ya jioni. Mkaguzi atapima robine, lakini mtoto anakunywa kutoka bidoni. Wekeni kwenye fonteni ndoo ya changarawe na sabuni, fontenia awaonyeshe watoto kutikisa changarawe ndani hadi utelezi wa kijani utoke. Bidoni lenye mfuniko, na kikombe kisitumbukizwe ndani.

Pesa: mtandao wa lita 43,200 kwa siku kwa dozi ya miligramu 2 unakula karibu gramu 130 za HTH kwa siku, kilo 4 kwa mwezi. Hesabu hiyo, pamoja na vidonge vya DPD, usafiri wa sampuli na mshahara wa fontenia, iingie ndani ya bei ya bidoni tangu mwanzo, na isomwe mbele ya mkutano. Pipa la kilo 45 lingewatosha karibu mwaka mzima, lakini nusu ya mwisho ingekuwa imechoka. Nunueni pamoja na komite mbili tatu za jirani, mgawane likiwa bado jipya.

Ripoti ya kila mwezi

Ukurasa mmoja unatosha, unakiliwa kutoka kwenye daftari: siku ngapi zilipimwa, siku ngapi robine ya mwisho ilikuwa chini ya 0.2, siku za tope, HTH iliyotumika, matengenezo, matokeo ya maabara kama yapo. Siku mbaya ziandikwe na hatua iliyochukuliwa. Ripoti ya miezi sita isiyo na siku hata moja mbaya, kwenye mtandao wa Bukavu wenye mvua na mabomba yaliyo wazi, inamfanya msomaji ashuku kipimo. Nakala moja iende zoni ya afya, moja kwa kartie, moja ibaki stoo pamoja na ramani, na muhuri wa kupokelewa ugongwe kwenye nakala yenu.

Mfundisheni mtu wa pili kupima na kuandika, tangu mwezi wa kwanza, na funguo za stoo ya HTH ziwe mbili. Fontenia huugua, huhama, huenda mazishini kijijini, na robine ya mwisho hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri kama kawaida.